Namna ya kuisoma picha ya zamani ya pwani ya kaskazini mwa Uingereza, hatua kwa hatua

Mezani pangu pana picha ya ukubwa wa kadi ya posta. Mwanamke amekaa juu ya sanduku lililopinduliwa, mikono yake imo ndani ya ndoo. Kando yake kasimama mwanamume mwenye ndevu za mvi, mikono mifukoni, kavaa sweta zito lililombana mwilini. Nyuma yao mashua imelala ubavu kwenye tope, na mbali zaidi unaonekana mnara wa taa na kilima chenye kanisa. Mgongoni mwa picha mtu ameandika kwa penseli, kwa Kiingereza: "Mvuvi na mkewe, Whitby, 1880." Katika maneno hayo machache mna kosa moja na dhuluma moja. Kosa ni la mwaka. Dhuluma tutaifikia.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mkokotoni, Unguja. Miaka kadhaa sasa naishi kaskazini-mashariki mwa Uingereza, na kila Jumatano najitolea kwenye chumba cha kumbukumbu cha mji mmoja mdogo wa pwani. Watu wakifariki, watoto wao hutuletea maboksi ya picha. Nyingi hazina maelezo yoyote, au zina maelezo kama hayo ya penseli. Nimeandika mwongozo huu kwa Waswahili wenzangu wanaofanya kazi za nyaraka huku, kwa wanafunzi wa historia, na kwa yeyote aliyenunua bahasha ya picha kwenye mnada wa vitu vikuukuu akatamani kujua ameshika nini. Nitajifunga kwenye pwani ninayoifahamu, kuanzia Northumberland hadi Yorkshire, na nitaitumia picha hii moja kama mfano hadi mwisho.

Hatua ya 1: Andaa meza

Ondoa chai. Osha mikono, ikauke kabisa. Picha ya karatasi ishike kingoni. Kama una negativu za kioo, yaani vile vioo vya kamera za zamani ambavyo picha za karatasi zilichapwa kutoka kwavyo, vaa glavu nyembamba za mpira zisizo na unga. Glavu za pamba huteleza kwenye kioo, na kioo kikishaanguka hakuna tena la kufanya. Usivilaze vioo kimoja juu ya kingine. Visimamishe kwa ukingo wao mrefu, kila kimoja ndani ya bahasha yake.

Vumbi lipulize kwa kipulizio cha mpira, usilifute. Kiinamishe kioo chini ya taa: upande mmoja unang'aa kama dirisha, wa pili umefifia. Huo uliofifia ndio wenye picha. Mara nyingi ni gelatini, ukipata maji huvimba na kubanduka. Ukumbuke upande huo, tutauhitaji.

Hatua ya 2: Anza na mgongo wa picha

Watu hukimbilia sura. Geuza picha kwanza. Mgongo hausemi uongo mwingi, maana aliyeuchapa hakuwa na nia ya kumpendeza mtu.

Kadi ndogo ya karatasi nyembamba iliyobandikwa kwenye kipande kigumu cha takriban sentimita 6 kwa 10 ni ya mtindo ulioenea Uingereza tangu miaka ya 1860. Kubwa yake, takriban sentimita 11 kwa 16, ilianza 1866. Hizo mara nyingi zina jina la studio na mtaa, na jina hilo unaweza kulifuatilia kwenye vitabu vya zamani vya orodha ya wafanyabiashara. Kadi za posta zina kanuni yake: kabla ya 1902 mgongo wote ulikuwa wa anwani tu, na salamu zilibanwa upande wa picha. Kuanzia 1902 posta ya Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, kushoto salamu, kulia anwani.

Kadi yangu ina mstari huo. Tena ndani ya kisanduku cha stempu pamechapwa bei: nusu peni kwa ndani ya nchi, peni moja kwa nje. Bei ya nusu peni ilikoma Juni 1918. Basi kadi ilichapwa kati ya 1902 na 1918, na huenda ilitumika miaka michache baadaye kama duka lilibaki na akiba.

Unaweza kudhani kazi imekwisha. Haijaisha, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mgongo unakupa umri wa karatasi, haukupi umri wa tukio. Wapigapicha walichapa upya negativu zao kwa miaka mingi kila wateja walipozitaka. Frank Meadow Sutcliffe, mpigapicha mkuu wa Whitby, mji wa bandari wa Yorkshire, alipiga picha yake mashuhuri ya watoto wakichezea mtumbwi majini, "Water Rats", mwaka 1886, na nakala zake bado zinauzwa. Kwa hiyo aliyeandika 1880 angeweza kuwa sahihi, kadi ikawa ni nakala ya picha ya zamani zaidi. Hilo litaamuliwa na picha yenyewe.

Na kwa kuwa nimemtaja: si kila picha ya Whitby ni ya Sutcliffe. Alizaliwa Leeds 1853, akafungua studio Whitby, akajipatia riziki kwa kuwapiga picha watalii wa kiangazi, na alipopata nafasi akatoka nje kuwapiga wavuvi, wakulima na watoto. Alifariki 1941. Alipenda watu waonekane wamo kazini, lakini mara nyingi aliwapanga kwa uangalifu mkubwa. Nakala zake nyingi zina herufi za jina lake na namba kwenye kona. Usipoziona, na usipokuwa na ushahidi mwingine, andika "mpigapicha hajulikani". Kumpa mtu maarufu kazi isiyo yake ni kumnyang'anya mwenyewe asiye na wa kumsemea.

Hatua ya 3: Iskani mara moja, iskani vizuri

Kadi ya posta iskani kwa pikseli 600 kwa inchi, zile kadi ndogo za miaka ya 1860 kwa 1200. Hifadhi faili la TIFF, liache kama lilivyo, ufanyie kazi nakala. Kioo kinahitaji skana yenye taa ya juu inayopenyeza mwanga.

Usiitumie programu ya akili bandia ya "kuboresha" picha kabla hujamaliza kuisoma. Nimeona ikichora namba kwenye ubavu wa mashua mahali ambapo hapakuwa na namba, na ikaichora vizuri mno. Za kupaka rangi nazo zina hatari yake. Vioo vya zamani vya kupigia picha vilihisi zaidi mwanga wa buluu, ndiyo maana mbingu hutoka nyeupe tupu na nyuso za watu waliopigwa na jua hutoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Programu haijui hilo.

Hatua ya 4: Hakikisha haijageuzwa

Negativu ya kioo ikiskaniwa upande usio wake, kulia huwa kushoto. Herufi za kwenye mashua zitakuambia mara moja. Kama hakuna herufi, tumia jiografia. Whitby inaelekea kaskazini, na mto Esk unaugawa mji sehemu mbili kabla ya kumwagika baharini. Ukisimama ukingo wa magharibi ukitazama bahari, kanisa la St Mary na magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa, lazima yawe kulia kwako, juu ya jabali la mashariki. Yakiwa kushoto, ama picha imegeuzwa ama uko mahali pengine kabisa.

Kwenye kadi yangu kanisa liko kulia. Sawa.

Hatua ya 5: Tafuta visivyohama

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Watu huhama, mashua huuzwa, nguo hurithiwa. Daraja lina siku lililofunguliwa, na gati lina siku lililojengwa.

Kuza picha kwenye skrini hadi uone kipande kidogo tu, kisha tembea nacho kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, mstari baada ya mstari, kama mtu anayechambua mchele. Andika kila kitu cha kujengwa unachokiona. Kisha linganisha na tarehe. Hizi ndizo ninazozitumia mara kwa mara:

Whitby kuna magati mawili yanayoukumbatia mlango wa bandari. Mnara wa taa wa magharibi ni wa 1831, wa mashariki ni wa 1855, na kila mmoja ulikuwa mwisho wa gati lake. Kati ya 1908 na 1914 magati yakarefushwa kuingia baharini, minara ikabaki katikati. Daraja la chuma linalofunguka kupitisha vyombo ni la 1909. Lililotangulia lilikuwa la 1835, na sura zao hazifanani. Daraja refu la matofali la reli, juu ya mto nje ya mji, ni la 1885. Mnara wa kati wa abasia ulianguka 1830, kabla ya upigaji picha kuenea, kwa hiyo "picha" yoyote yenye mnara huo ni nakala ya mchoro.

Scarborough ina alama nzuri kuliko zote. Tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Ujerumani zilipiga mizinga Scarborough, Hartlepool na Whitby. Mnara wa taa wa Scarborough uliharibika ukabidi kubomolewa, na haukujengwa tena hadi 1931. Picha ya bandari ile isiyo na mnara ina miaka kumi na saba tu ya kuchaguliwa.

Staithes, kijiji kilichobanwa kwenye ufa wa majabali, kilikuwa na daraja la reli la chuma lililovuka bonde nyuma ya nyumba. Reli ilifunguliwa 1883 na daraja likabomolewa 1960. Saltburn ina lifti ya kupandia jabali ya 1884. Cullercoats, karibu na mlango wa mto Tyne, ina nyumba ya 1879 ya kikosi cha kujitolea cha kuokoa watu baharini, yenye kijimnara cha saa.

Sasa rudi kwenye kadi yangu. Nyuma ya bega la mwanamume upo mnara wa mashariki. Nilipoukuza nikaona kwamba baada ya mnara kuna mstari mwembamba wa kijivu unaoendelea kuingia baharini. Mwanzoni nilidhani ni wimbi. Lakini wimbi halinyooki hivyo, na pembeni yake maji yanavunjika kwa povu. Ni gati lililorefushwa. Mwaka 1880 mnara ulikuwa mwisho, mbele yake maji matupu. Basi tukio lenyewe, achilia mbali karatasi, halitangulii 1908, na kwa urefu wa ule mstari ningesema 1910 au baadaye. Mwandishi wa penseli amekosea kwa miaka thelathini.

Hatua ya 6: Isome mashua

Mashua ya pwani hii huitwa kobli. Hapa mtoto wa pwani yetu ana faida, maana amezoea kutazama chombo na kuuliza kwa nini kimeundwa hivyo. Mbao za kobli hupandana ukingo juu ya ukingo, kama mabati ya paa. Omo, yaani mbele yake, limeinuka na kuchongoka, linazama sana majini. Tezi, yaani nyuma, ni bapa, karibu kama sinia. Usukani ni mrefu ajabu, unashuka chini kuliko mashua yenyewe. Nilipoiona mara ya kwanza niliona kama vipande vya vyombo viwili vimeunganishwa. Kisha nikaelewa: vijiji vingi hapa havina bandari, vina ufuko tu na mawimbi ya Bahari ya Kaskazini. Kobli hufika nchi kavu kinyumenyume. Nahodha huigeuza, huung'oa usukani, tezi bapa hupanda mchanga, na omo lile refu hubaki likiyakabili mawimbi yasiingie ndani. Ukiona kwenye picha mashua imeupa ufuko mgongo na pua iko baharini, usidhani inaondoka. Huenda ndiyo kwanza imefika.

Kisha tafuta herufi. Sheria ya 1868 ililazimisha vyombo vya uvuvi kusajiliwa na kuchorwa herufi na namba. WY ni Whitby, na chini yake husajiliwa pia vyombo vya Staithes na Robin Hood's Bay. SH ni Scarborough, HL ni Hartlepool, SD ni Sunderland, SN ni North Shields, BK ni Berwick, H peke yake ni Hull. Herufi zinakuambia chombo kilisajiliwa wapi, hazikuambii picha imepigwa wapi. Msimu wa samaki wa heringi bandari hizi zilijaa vyombo vya Scotland, na hata vya Cornwall vyenye PZ ya Penzance. Namba nazo zilitumika upya chombo cha zamani kilipofutwa, kwa hiyo namba bila miaka ya kukisia inaweza kukupeleka kwenye mashua mbili au tatu tofauti.

Kwenye kadi yangu naona W na Y. Namba imefunikwa na goti la mwanamume.

Hatua ya 7: Maji na jua

Hapa sisemi mengi. Tope likionekana na mashua imelala ubavu, maji yamekupwa. Whitby wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 4 hadi 5, kwa hiyo gati moja linaweza kuonekana refu kama ghorofa asubuhi na fupi kama kibaraza mchana. Usiseme "gati limebadilika" kabla hujafikiria maji.

Kuhusu vivuli: sisi tumezoea jua la utosini. Huku halifiki utosini kamwe. Adhuhuri daima liko kusini, na kwa kuwa Whitby inatazama kaskazini, kivuli cha adhuhuri huelekea baharini. Katikati ya kiangazi jua huchomoza na kuzama juu ya bahari. Kivuli kinachoelekea nchi kavu basi ni cha alfajiri au jioni ya kiangazi.

Hatua ya 8: Nguo ziache nyuma

Kwa wanawake wa mjini, mikono ya gauni hukupa muongo. Kwa wavuvi usithubutu. Mwaka mmoja niliandika "miaka ya 1890" kwenye picha ya wanawake wa heringi bandarini Scarborough, kwa sababu ya shali na aproni zao. Picha ikatundikwa ukutani kwenye maonyesho yetu. Mzee mmoja akasimama mbele yake, akanyoosha kidole, akauliza: "Mnara wa taa uko wapi?" Haukuwapo. Nilikuwa nimekosea kwa miaka ishirini au zaidi, na watu walikuwa wamekwishaisoma. Tangu siku hiyo nguo huzitazama baada ya majengo.

Bado zina ya kusema. Sweta la mvuvi, gansi, lilifumwa kwa mviringo bila mshono, kwa sufu ya buluu iliyokoza iliyokazwa isipitishe upepo. Utasikia kwamba kila kijiji kilikuwa na ufumaji wake ili maiti ya aliyezama itambulike. Ufumaji ulitofautiana kweli, lakini wanawake waliolewa vijiji vingine na kuigana, kwa hiyo usimpe mtu kijiji kwa sababu ya sweta lake tu. Kofia za pamba za wanawake wa Staithes, zenye ukingo wa tabaka mbili na kitambaa cha kufunika shingo, ziliendelea kuvaliwa karne ya 20 ikiwa imeanza zamani. Na ukiona wanawake kwenye meza za kupasulia samaki, kuza vidole. Vikiwa vimefungwa vipande vya kitambaa, inaelekea ni wale waliotoka Scotland, waliofuata heringi bandari hadi bandari kwa makundi ya watatu, wawili wakipasua na mmoja akipanga kwenye pipa. Vitambaa vilikinga visu na chumvi.

Hatua ya 9: Tazama mikono

Sasa ile dhuluma.

Kuza mwanamume wa kwenye kadi. Kila uzi wa sweta lake unaonekana, ndevu zinahesabika. Kasimama kimya akingoja kamera. Sasa kuza mwanamke. Uso wake uko wazi, lakini kuanzia viwiko mikono imefifia, kama moshi. Hilo si kosa la lenzi, maana ukingo wa ndoo uko wazi kabisa sentimita chache kutoka hapo. Mikono ilikuwa ikitembea. Mpigapicha aliwaambia watulie, mwanamume akatulia, yeye akaendelea na kazi.

Kazi gani? Miguuni pake pana kitu bapa cha fito, kama ungo mkubwa wa mviringo mrefu. Ndani yake mshipi umepangwa duara juu ya duara, na kwenye ukingo mmoja kuna vidoti vyeusi vimejipanga safu. Vidoti hivyo ni ndoano. Kwetu Unguja mshipi wa namna hii ungeitwa dhulumati: kamba ndefu yenye mamia ya ndoano, inayotegwa baharini na kuvutwa baadaye. Ndani ya ndoo mna kome. Anawapasua mmoja mmoja na kuwachomeka kwenye ndoano.

Kazi hiyo ilichukua saa nyingi kila siku ya kwenda baharini, na katika vijiji hivi ilifanywa hasa na wanawake na watoto. Kome waliletwa kwa reli kutoka mbali. Walipokosekana, wanawake walitembea maili nyingi chini ya majabali maji yakiwa yamekupwa, wakabandua konokono wa miambani kwa kisu, wakarudi na vikapu vimejaa, wengine wakivibeba kichwani. Kisha kumenya, kuchomeka, kupanga mshipi kwenye ungo bila kunasana. Mikono iliyokuwa ndani ya ndoo ya maji ya chumvi mwezi Januari huku, mimi nimewahi kuitia yangu dakika tano kwa kujaribu, nikaitoa haina hisia. Bila chambo mashua haitoki. Huyu hakuwa amekuja kumtazama mumewe. Alikuwa nusu ya uvuvi wenyewe, na mtu mwenye penseli akamwita "mkewe".

Na hatujui hata kama ni mkewe. Mwanamume ana mvi. Kadi inaelekea kuwa ya miaka ya karibu na Vita Kuu ya Kwanza, vijana wengi walikuwa vitani. Anaweza kuwa baba yake, au mkwewe, au jirani aliyepita.

Basi kanuni yangu ya hatua hii: andika anachofanya mtu kabla ya kuandika yeye ni nani kwa nani. "Anapasua kome" unakiona. "Mke" hukioni.

Hatua ya 10: Nenda kwenye karatasi

Ukiwa na mahali na miaka ya kukisia, fungua sensa. Uingereza ilihesabu watu kila baada ya miaka kumi, na madaftari ya kaya kuanzia 1841 hadi 1921 yako wazi kwa umma. Ya 1931 yaliungua moto. Ya 1911 yana uzuri wake: ndiyo ya kwanza ambayo fomu za wenye nyumba zenyewe zimehifadhiwa, kwa mwandiko wao. Ramani za zamani za kina, za Uingereza yote, ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, na unaweza kuilaza ramani ya kale juu ya picha ya satelaiti ukaona nyumba ipi ilisimama wapi. Nyaraka za mkoa wa North Yorkshire zinahifadhiwa Northallerton.

Lakini usitarajie sensa itamtendea haki mwanamke wa ndoo. Pita kwenye mitaa ya wavuvi ya 1911: mwanamume, "mvuvi". Chini yake mke, na safu ya kazi mara nyingi ni tupu. Linganisha na Henry Freeman wa Whitby. Tarehe 9 Februari 1861 mashua ya uokoaji ilipinduka, watu 12 kati ya 13 wakafa, akapona yeye peke yake, kwa kuwa ndiye aliyevaa jaketi la koki la aina mpya. Picha yake akiwa na jaketi hilo bado inachapwa, na jina lake kila mtu Whitby analijua. Anastahili. Nasema tu kwamba nafasi ya kujulikana haikugawanywa sawa, na anayeandika maelezo ya picha leo ana nafasi ya kurekebisha kidogo.

Hatua ya 11: Waulize wenyeji

Chapa picha kubwa kwenye karatasi ya kawaida, upeleke mahali wazee wanapokutania. Usianze na "huyu ni nani?" Swali hilo huwatia watu hofu ya kukosea. Anza na kitu: "Huu ungo mliuitaje?" "Hapa maji hufika?" Nilipouliza hivyo kuhusu ungo, bibi mmoja hakunijibu kwa maneno. Alinyoosha mikono mbele yake, akaanza kupanga mshipi usiokuwapo, kulia, kushoto, kulia, jinsi alivyomwona nyanya yake akifanya.

Wakikupa jina, andika nani kalisema na lini. Jina la aliye hai usilichapishe bila ruhusa yake.

Hatua ya 12: Andika maelezo

Kabla ya kuchapisha popote angalia haki: Uingereza picha hulindwa hadi miaka 70 baada ya mwaka aliofariki mpigapicha. Za Sutcliffe zilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2011. Ya asiyejulikana yahitaji hesabu yake, na ukiwa na shaka waulize wanaoihifadhi.

Tenganisha unachokiona na unachokikisia, na toa sababu. Maandishi ya zamani usiyafute hata yakiwa na makosa. Yanakili, maana nayo ni ushahidi wa namna watu hawa walivyotazamwa. Hivi ndivyo kadi yangu ilivyoingia kwenye daftari:

"Mwanamke akipasua kome na kutia chambo kwenye mshipi mrefu wa ndoano, kando yake mwanamume mzee amevaa gansi. Uhusiano wao haujulikani. Whitby, ukingo wa magharibi wa bandari, maji yamekupwa. Nyuma, kobli yenye herufi WY, namba haionekani. Takriban 1910 hadi 1920: gati la mashariki limekwisha kurefushwa, na mgongo wa kadi una bei ya stempu ya kabla ya Juni 1918. Mpigapicha hajulikani. Mgongoni kwa penseli: 'Mvuvi na mkewe, Whitby, 1880'."